Nyimbo za Mwanamke wa Lori

Niligundua uvimbe shingoni mwangu nikiwa katikati ya wimbo.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nje ya nyumba yetu huku Ilemela, naosha vyombo juu ya lile jabali ambalo kwetu ndilo uwanja, jiko na mahali pa kuanikia nguo. Ndani, mdogo wangu alikuwa amefungulia sabufa mpaka majirani wa bondeni wanasikia. Nilipofika kwenye sehemu ya juu ya wimbo niliinua kidevu, nikashika koo kama wafanyavyo waimbaji wanapotaka waonekane wameguswa, na vidole vyangu vikakuta kitu. Kilikuwa kigumu, cha mviringo, kimejificha upande wa kulia chini ya ngozi kama zambarau iliyomezwa ikakwama. Nilipomeza mate kikapanda. Kisha kikashuka.

Nikanyamaza. Wimbo ukaendelea na mwimbaji wake.

"Dada, mbona umeniacha peke yangu?" mdogo wangu aliita kutoka ndani.

"Sabuni imeniingia machoni," nikajibu.

Sikutaka kusema. Niliona kama nikikitaja ndipo kitakuwa cha kweli.

Nieleze kwanza habari za hizo nyimbo. Zilitoka kwenye filamu moja ya Kimarekani, na zilikuwa kantri tupu: magitaa, fidla, na lile gitaa la kulaza magotini linalolia kama mtu anayevuta pumzi baada ya kulia sana. Filamu ilimhusu mwanamke dereva wa lori ambaye mchana yuko barabarani na jioni anaimba kwenye baa za wasafiri. Hayo tuliyajua kwa sababu ya picha ya jalada tu, mwanamke amekaa kwenye ngazi ya lori, kofia pana kichwani, gitaa mapajani. Filamu yenyewe hatukuwa tumeiona, wala hatukumjua mtu aliyeiona. Lakini albamu ilikuwa kila mahali. Ilipigwa kwenye maduka ya simu, kwenye hoteli za ufukweni siku za Jumapili, kwenye redio za asubuhi. Huku kwetu watu wanaipenda kantri. Sijui ni kwa sababu ya ng'ombe, au ni kwa sababu nyimbo hizo zinamhurumia mtu bila haraka. Kuna wazee Misungwi wasiojua neno la Kiingereza ambao ukiwapigia gitaa lile wanafumba macho na kutikisa kichwa kama wanasimuliwa habari za ukoo wao.

Mdogo wangu aliipata albamu hiyo kwa mteja. Ana saluni Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na akina mama wanaouza dagaa ndio wateja wake wakubwa. Aliingiza nyimbo zote kwenye flashi, akaichomeka kwenye sabufa, na kuanzia hapo saluni yake haikupiga kitu kingine. Akina mama wale walizikariri zote, kila mmoja na maneno yake. Sisi wawili tulikuwa tunaishi pamoja, hakuna aliyekuwa na mume wakati huo, na jioni tukirudi nyumbani, mimi kutoka shuleni na yeye kutoka saluni, tuliimba huku tunapika mpaka ugali unaungua.

Wimbo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa mwendo wa haraka, wenye makofi mengi na kengele inayolia mwanzoni. Kiingereza changu ni cha shule, mimi nafundisha Kiswahili darasa la tano, na waimbaji wale wanatafuna maneno. Nilichonasa kilikuwa gauni jeupe, kengele ya kanisa, na mtu anayemwambia dada yake kwamba siku yake imefika. Tukaamua kwamba ni wimbo wa harusi. Hatukuuliza mtu. Binamu yetu alipoolewa kule Misungwi, tulisimama chini ya turubai tukauimba mimi na mdogo wangu, na wageni walicheza mpaka vumbi likaingia kwenye sufuria za pilau. Mama yetu alicheza na chupa ya soda kichwani, haikudondoka.

Basi, uvimbe ule niliuficha kwa kuvaa mitandio. Mdogo wangu hakuchelewa kuujua, kwa sababu ndiye anayenisuka. Alikuwa nyuma yangu, ananivuta nywele za kisogoni, vidole vikateleza mpaka pembeni ya shingo na kusimama hapo hapo.

"Dada, hiki nini?"

"Mtoki."

"Mtoki haukai hapa." Alizunguka akaja mbele yangu, chanuo mkononi. "Toka lini?"

Nikavuta mtandio nikafunika shingo. Kesho yake alifunga saluni akanipeleka hospitali mwenyewe, kichwa changu kimesukwa upande mmoja.

Daktari aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mikono ya baridi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku vidole vyake vimeshafika shingoni kwangu. Nilipigwa picha kwa kile chombo kinachopakwa mafuta, kisha nikachomwa sindano ndani ya uvimbe wenyewe ili wavute maji wayapime. Majibu yaliporudi hayakusema ndiyo wala hapana.

"Ni tezi ya shingo," daktari akasema. "Upande mmoja umeota uvimbe. Inabidi tuutoe tuupime wote. Si lazima iwe saratani. Lakini siwezi kukuambia kwamba siyo."

Nikaitika kwa kichwa.

"Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwalimu."

"Unaimba?"

Swali hilo lilinishangaza. "Naimba kwaya. Na nyumbani."

Aliweka kalamu chini. Akaanza kunieleza, polepole, kwamba nyuma ya tezi ile unapita mshipa mdogo sana wa fahamu, mwembamba kama uzi, na huo ndio unaofungua na kufunga nyuzi za sauti. Wakati wa kupasua wanautafuta kwanza wauone, ndipo wakate. "Kwa watu wengi sauti inabaki salama. Kwa wachache inakwaruza kwa muda. Wapo wachache zaidi ambao hairudi kama ilivyokuwa."

Nakumbuka alisema mengine mengi baada ya hapo. Mdogo wangu aliyasikia na kunirudia njiani. Mimi nilibaki na hayo ya mwisho.

Hofu niliyokuwa nayo siku zile sikuwahi kuwa nayo kabla wala baada yake. Ilianza mikononi. Nilikuwa nashika chaki inaponyoka. Nikiwa darasani naeleza ngeli za majina, ghafla nilijisikia nikisema, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, nikawaza kwamba sauti hii ni ya kuazima na mwenyewe yuko mlangoni. Nilianza kuitunza kwa namna za kijinga. Sikupiga kelele kumwita muuza mkaa aliyekuwa anapita. Sikucheka sana. Nilipokuwa kwaya, badala yake, niliimba beti zote mpaka za wenzangu, mpaka mwalimu wa kwaya akanitazama. Na kitu kilichonitisha zaidi ni kwamba neno saratani halikunitisha kama hilo la sauti. Nilijiuliza kama nina akili timamu, mtu anayeogopa kunyamaza kuliko kufa.

Mama alikuja kutoka Misungwi na furushi la karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Hakutaka maelezo marefu. Alinikalisha kwenye kigoda, akanipapasa shingo, akasema shangazi yake alikuwa na shingo kama kibuyu na aliishi mpaka meno yakamwisha. Kisha akauliza, "Sasa hao wanakukata shingo?"

"Wanakata kidogo tu, mayu," nikasema. Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Shingo inakatwaje kidogo?" akasema mama, na hapo hapo akainuka kwenda kutafuta chungu cha kuchemshia michembe.

Ni mdogo wangu aliyepata wazo la filamu. Aliona nyumba imekuwa kimya, naye hawezi kimya. Mteja mmoja alikuwa nayo kwenye laptopu, akamwazima. Jumapili baada ya ibada alitandika mkeka sebuleni, akaweka laptopu juu ya ndoo iliyofunikwa, akatukalisha mimi na mama kama wageni wa heshima.

"Leo mnamwona yule mwanamke wetu anatembea," akasema.

Mwanzoni tulifurahi sana. Lori lilikuwa jekundu, tulikuwa tunadhani ni jeusi. Kila wimbo ulipoanza mdogo wangu alipiga kelele kama aliyeona ndugu stendi. Nyimbo hazikufuata mpangilio wa albamu. Ule tuliozoea kuusikia kwanza ulikuja mbali sana, na mwingine tuliouona wa mapenzi ulikuwa unaimbwa kwa mbwa aliyepotea. Tulicheka. Mama alikuwa anatafuna michembe, anauliza kila gari linapopita kama hilo nalo ni la yule mwanamke. Mwanamke wa lori alikuwa na dada yake mkubwa, mtu wa kukohoa, ndiye aliyemfundisha kuimba. Nilimpenda yule dada mara moja. Alikuwa na tabia ya kumsahihisha mwenziwe kwa nyusi.

Kisha kengele ikalia.

Mdogo wangu alipiga makofi. "Wetu huo! Mayu, wa harusi ya binamu!"

Kulikuwa na uwanja wa majani na kanisa dogo la mbao. Watu wamevaa vizuri. Makofi yakaanza, fidla ikaingia, mwanamke wa lori akafungua mdomo na kuimba ule wimbo wetu kwa sauti ile ile tuliyoijua, huku machozi yanamshuka mpaka shingoni. Kamera ikazunguka. Gauni jeupe lilikuwepo kweli. Alikuwa amelivaa yule dada mkubwa, na alikuwa ndani ya sanduku.

Watu wale walikuwa wanacheza kuzunguka kaburi. Ilionekana marehemu ndiye aliyeomba hivyo, asizikwe kwa kilio.

Mdogo wangu alinyoosha mkono afunge laptopu. Nikamshika kifundo cha mkono. Sijui kwa nini nilimshika. Nilitaka kuona mpaka mwisho, kama mtu anayeangalia damu yake mwenyewe inatoka.

Mama alikuwa ameacha kutafuna. "Ni harusi?" akauliza.

"Ndiyo, mayu," mdogo wangu akasema. "Ni harusi."

"Mbona bibi harusi amelala?"

Makofi yaliendelea ndani ya laptopu.

"Amechoka," mdogo wangu akasema.

Nilitoka nje. Miguu ilinifikisha kwenye jabali, nikakaa. Ziwa lilikuwa limetulia kule chini, ndege ya abiria inashuka kuelekea uwanjani, watoto wa jirani wanateleza juu ya mawe. Kila kitu kilikuwa kama kawaida, na hilo lilinitisha zaidi. Mimi si mtu wa imani za ajabu. Nimesoma, nafundisha, nasali. Lakini siku ile niliamini kabisa kwamba nilikuwa nimejiimbia mazishi yangu, jioni baada ya jioni, huku nasonga ugali.

Mdogo wangu alinifuata. Akakaa kando yangu, si karibu sana.

"Tumekuwa tunaimba nini, wewe?" nikamwuliza.

"Ni wimbo, dada. Wimbo tu."

"Umemwona aliyekuwa ndani ya lile sanduku?"

"Nimemwona."

"Ni dada mkubwa."

"Nimemwona, nimekwambia!" Alikuwa amepandisha sauti, akaishusha. "Binamu tulimwimbia wimbo huo huo mbele ya padri na wazazi wake. Yuko wapi? Yuko kwake, anakula, ananenepa, mumewe anamnunulia samaki. Kama wimbo ungekuwa na nguvu ungeanza na yeye."

Ilikuwa hoja nzuri. Haikunisaidia. Nikamgeukia nimwambie hivyo, nikakuta analia, bila kujifuta, kama mtoto.

"Unafikiri unaogopa peke yako?" akasema. "Wewe watakupa dawa ulale. Mimi nitakaa kwenye benchi. Mimi ndiye nitakayeona mlango unafunguliwa, na nitaangalia sura ya atakayetoka kabla hajasema neno."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilisogea nikamshika bega, tukakaa hivyo mpaka mama alipotuita tule.

Tangu siku hiyo albamu haikupigwa tena kwetu. Saluni nako mdogo wangu aliichomoa flashi. Wateja wakalalamika, akawaambia imeharibika. Siku moja mama mmoja muuza dagaa akauanza wimbo ule mwenyewe, akiwa na rola kichwani, wenzake wakamwitikia kwa makofi, na mdogo wangu ikabidi atoke nje asimame barabarani kama anayesubiri mtu.

Kuufunga wimbo ndani ya nyumba ilikuwa rahisi. Mjini ulinifuata. Niliusikia kwenye duka la simu, nikavuka barabara. Niliusikia kwenye kioski nilichokuwa nanunua vocha, nikaondoka bila vocha. Nilianza kuchagua njia za kupita kwa kukwepa spika. Siku mbaya kuliko zote nilikuwa Kirumba, natoka kununua nguo ya kuvaa hospitali, yenye vifungo mbele kama nilivyoagizwa. Msafara wa harusi ukatokea, magari yamefungwa riboni, na kwenye gari la wazi wameweka spika kubwa. Kengele ikalia. Kumbe hatukuwa sisi peke yetu tuliokosea. Bibi harusi alikuwa amesimama anapunga mkono kwa kila mtu, na alipopita karibu nami alinipungia mimi, amevaa gauni jeupe, anacheka. Nikaingia duka la vitambaa nikasimama kati ya majora mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Asubuhi ya upasuaji mama alivaa kanga zake mpya. Nilivua hereni nikampa mdogo wangu, akazivaa yeye, akasema zitapotea akiziweka mfukoni. Nilipolazwa kwenye kitanda cha magurudumu nilitaka kuwaambia neno zuri, neno ambalo kama litakuwa la mwisho kwa sauti yangu watalikumbuka. Nikasema, "Msisahau kuzima jiko." Mama akasema wamezima.

Ndani kulikuwa na baridi na mwanga mwingi. Daktari aliniinamia, amefunika mdomo, nikamtambua kwa macho. "Leo sina kazi nyingine ila huo uzi wako," akasema. Wakaniambia nihesabu. Nikajikuta nahesabu kwa Kisukuma, kama mama alivyonifundisha kuhesabu mbuzi wakiingia zizini, na sijui niliishia mbuzi wa ngapi.

Nilipoamka koo lilikuwa linawaka. Nilikuwa na bandeji na mpira mdogo wa kutolea damu. Uso wa daktari ulikuja karibu.

"Sema jina lako."

Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo.

Akaniambia nirudie. Nikarudia, ukatoka upepo ule ule, na mwishoni kitu kama karatasi inayokwaruzwa. Nilimwona daktari akitulia kidogo kabla ya kunijibu, na kutulia kule ndiko kulikonimaliza.

"Mshipa tuliuona na hatukuukata," akasema. "Ila umevutwa, na kuna uvimbe. Mara nyingi unarudi. Usilazimishe. Subiri."

Basi nikawa mtu wa kusubiri vitu viwili, sauti na majibu ya maabara. Usingizini niliogopa kimoja, nikiamka naogopa kingine. Mdogo wangu alikuwa analala sakafuni kando ya kitanda changu, na nikishtuka tu anashtuka naye.

Majibu ndiyo yaliyotangulia. Daktari aliyasoma kwanza yeye, kisha akatusomea, kisha akayasema kwa Kiswahili chepesi ili mama asikie vizuri: haikuwa saratani. Mama alisema, "Wabeja, wabeja," anamshukuru daktari, anamshukuru Mungu, anamshukuru na nesi aliyekuwa anapita na beseni. Mdogo wangu alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya kliniki akalia kwa sauti mpaka watu wa kwenye foleni wakachungulia, wakidhani tumefiwa. Mimi nilikuwa nalia pia. Kilio changu hakikuwa na sauti. Mabega yalitikisika, machozi yakatoka, na kutoka mdomoni hakuna kitu. Katikati ya furaha ile hofu ikanirudia nzima nzima, kama mtu aliyetoka nje kidogo kuvuta hewa.

Miezi iliyofuata niliishi kwa kunong'ona. Kumwita mdogo wangu nilipiga makofi. Majirani walipokuja kunipa pole, mama alikaa kati yetu akawa mkalimani, na mara nyingi alitafsiri mambo ambayo sikuyasema. Kazini nilipewa ruhusa. Daktari alipitisha kamera nyembamba puani, akaangalia nyuzi zangu, akasema mmoja ni mzima na mwingine unacheza kidogo. "Unacheza," alirudia, "hilo ndilo la kushika." Akanipa mazoezi. Nifunge mdomo nigune. Niseme "eee" mpaka pumzi iishe.

Sikuyafanya. Mdogo wangu alinigombeza, akanibembeleza, akaniwekea alamu kwenye simu. Alamu ilipolia niliizima. Nilichokuwa naogopa ni hiki: kama sitajaribu, sauti yangu ya zamani bado ipo mahali fulani, imekaa inanisubiri. Nikijaribu nitajua imebaki kiasi gani.

Siku moja asubuhi, mama alikuwa amekaa kwenye jabali anachagua mchele. Mimi nilikuwa naanika nguo. Akaanza kuimba. Aliuanza ule wimbo, wa gauni jeupe, kwa Kisukuma, kwa maneno aliyojitungia papo hapo. Nikaganda na shuka mkononi. Kwa maneno ya mama, bibi harusi amelala kwa sababu jana yake alitwanga sana. Mama mkwe amekuja anagonga mlango, anataka unga. Bibi harusi anajibu kutoka kitandani kwamba unga uko kwenye kinu, aende akautwange mwenyewe. Mama mkwe anaita wanaukoo. Wanaukoo wanakuja wanapiga makofi, bibi harusi anajifunika gauni lake mpaka kichwani, anasema kengele ya kanisa ndiyo itakayomwamsha, wao hawamwezi.

Nikacheka. Nilisikia mtu anacheka, kicheko kizito chenye mikwaruzo, nikageuka kuangalia ni nani amekuja. Hakukuwa na mtu.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Aliendelea kuimba na kupuliza makapi. Alipofika kwenye kiitikio nilifungua mdomo. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilishika kamba ya nguo kwa mikono miwili. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, chini sana, kama ya mtu aliyeamka na mafua. Ilipofika sehemu ya juu ilikatika. Nikashuka, nikatafuta njia ya chini yake, nikaikuta, nikapita hapo. Mdogo wangu alitokea mlangoni, upande mmoja wa nywele zake umefumuliwa. Akaweka mkono mdomoni na kubaki hivyo.

Niliposimama kupumua, mama akasema, "Mbona umekatisha? Mama mkwe bado yuko mlangoni."

Sauti haikurudi yote. Nilifanya mazoezi baada ya hapo, asubuhi na jioni, mpaka jirani mmoja akauliza kama tumenunua ndama. Ilipanda kidogo kisha ikakataa kupanda zaidi. Kwenye kwaya nilihamishwa kutoka kwa wanawake nikapelekwa kwa wanaume wa sauti ya tatu, nasimama kati ya fundi bomba na mstaafu mmoja wa reli, na wote wawili hunisogezea kitabu karibu kwa heshima kubwa. Flashi ilirudi saluni. Wimbo ule nausikia na sikimbii. Mikono bado inapata baridi kengele inapoanza, na huwa naiweka kwapani mpaka fidla iingie.

Siku niliyorudi shuleni niliingia darasani nimevaa mtandio kufunika kovu. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Walitazamana. Mmoja akacheka, mwenzake akamfinya. Nikafungua kitabu, nikawaambia ukurasa, nikaanza kusoma hadithi ya siku hiyo nikiwa mbele kwenye ubao, mahali ninaposimama siku zote. Sikuwa nimefika mbali mkono ukanyooshwa kule nyuma.

"Mwalimu, hatusikii."

Nilijaribu kuongeza sauti ikakwaruza, ikapotea. Nilisimama pale na kitabu wazi. Kisha nikauacha ubao, nikaingia katikati ya madawati mpaka karibu na dirisha la nyuma, nikaanza upya tangu mstari wa kwanza, na wale wa mbele wakageuza viti vyao kunifuata.